Salamu Kutoka Kabonga

Kila nikimwaga ndagala wabichi kwenye mawese ya moto, huwa nasimama kidogo na mwiko mkononi, nikasikiliza. Mume wangu ameshazoea. Mwanzoni aliniuliza kama kuna simu inayolia, nikamjibu kwamba nasikia Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, akadhani namtania. Lakini nanyi siku moja jaribuni. Ule mlio wa mafuta yanapopokea samaki mwenye maji, ile shiii ndefu yenye mikwaruzo ndani yake, ndio mlio kamili wa foni ya Mama ikiwa imewashwa na hakuna anayesema. Watoto wengine walilala wakiimbiwa. Mimi na wadogo zangu tulilala tukikwaruziwa, na tukalala vizuri tu.

Foni, kwa msioijua, ni redio ya kuzungumza. Si ile ya kusikiliza taarifa na muziki. Hii ina mikro ya kushika mkononi, yenye kitufe ubavuni. Ukikibonyeza unasema na vituo vyote vinakusikia, ukikiachia unasikia wenzako. Ukisahau kukiachia utasubiri jibu mpaka unywele ukuote ulimini. Yetu ilikuwa sanduku la chuma la rangi ya majani makavu, lenye kisahani cha kioo mbele na mshale mwembamba wa kuonyesha nguvu ya betri. Waya wake ulitoka dirishani, ukapita juu ya kibanda cha sabuni, ukaenda kufungwa kwenye mchikichi wa jirani, na ndege walikuwa wakiutumia kama benchi lao.

Kazi iliyotulisha ilikuwa hiyo sabuni. Mama aliipika kwa mawese katika mapipa uani, akaikata vipande kwa waya, akaiuza sokoni. Foni haikumlipa chochote. Alikuja Rumonge akiwa msichana, akikimbia vita upande wa Fizi, ng'ambo Kongo, na katika kukimbia huko alipotezana na kaka yake. Alinisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akienda kukaa nje ya chumba cha foni cha misheni, kila asubuhi, mpaka siku moja mtu wa ndani akatoa kichwa dirishani akataja jina la kaka yake, akasema yuko Uvira na anakula vizuri. Mama alisema hakukumbuka sura ya kaka yake siku ile, alikumbuka sura ya yule mtu wa dirishani. Basi wakati watu wa misaada waliokuwa na ofisi mjini walipofunga virago na kuacha redio kuukuu kwa wakazi waliotaka kujifunza kuitumia wakati wa maafa, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akafundishwa, akafanya mtihani, akapewa kibali chenye muhuri. Kibali hicho alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yao. Baba, tuliyemwita Papa, alikitazama, akaitazama picha, akaenda kuoga.

Nilijivuna kwa ajili ya foni ile kuliko mtoto wa gavana. Shuleni nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba mama yangu anaongea na ziwa zima, na asiyeamini aje nyumbani. Walikuja. Walijipanga kichwa juu ya kichwa dirishani kumsikiliza Bwana Ramadhani, fundi cherehani wa Kabonga kule karibu na mpaka wa Tanzania, ambaye sauti yake ilikuja ikiwa na cherehani yake nyuma, tiki-tiki-tiki, kwa sababu hakusimamisha kushona hata akizungumza. Walimsikiliza pia mwalimu Klodeti wa Gitaza, kaskazini kwetu njia ya Bujumbura, aliyetamka kila neno kama anatoa imla. Sikuwa nimewahi kuwaona hata mmoja wao. Bwana Ramadhani nilimchora kichwani mwangu akiwa mrefu kama mlango. Nilipokuja kumwona baadaye, alinifika begani, nikaona kama nimedhulumiwa.

Sasa niwaambie jambo lililowakera watu. Nyinyi wa kwetu mnajua kwamba mtu wa mwambao hawezi kukuuliza hata njia kabla hajauliza umelalaje, watoto wameamkaje, wazee wako namna gani, na mvua imewatendeaje. Mama naye barabarani alikuwa bingwa wa salamu. Kwenda naye sokoni ilikuwa adhabu, maana mwendo wa kuvuta pumzi mbili ulimalizika jua likiwa utosini. Lakini akiingia chumba cha foni aligeuka mtu mwingine. Aliita kituo, akataja Rumonge, akasema, “Sema.” Basi. Hakuna amahoro, salamu yetu ya amani, wala habari za asubuhi. Ndivyo walivyofundishwa wote, na kwa Warundi na Wakongo ilikuwa kama kufundishwa kutembea uchi. Betri ni moja, njia ya hewani ni moja, na salamu moja kamili ya kwetu, pamoja na majibu yake, ingeweza kumaliza nguvu ya kutangazia mafuriko.

Shangazi mmoja wa kijiji cha Gatete aliwahi kuletwa kuzungumza na mwanawe aliyekuwa mgonjwa Kabonga. Akashika mikro kwa mikono miwili, akaanza na amahoro, akaendelea na afya ya mwenyeji, ya mke wa mwenyeji, na ya mbuzi aliyewaachia mwaka jana. Mama akaichukua ile mikro taratibu na kuuliza, “Homa imeshuka?” Ikajibiwa imeshuka. Mazungumzo yakaisha hapo. Shangazi yule alitutangaza kanisani kwamba mama yangu ni mwanamke mzuri lakini hana adabu, na kwamba chuma kile kimemharibu.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Jumamosi ya msimu wa mvua. Papa alikuwa amekwenda Kabonga kwa boti la injini pamoja na vijana wawili wa mtaani kwetu, wamepeleka sabuni na bidoni za mawese, na tulijua kwamba asubuhi ile wangeanza safari ya kurudi. Kulipopambazuka upepo ulishuka kutoka kaskazini. Sijui niseme nini kuhusu upepo ule. Mabati ya kibanda cha sabuni yaliondoka, tukayaona yanapita juu ya nyumba ya jirani. Ziwa, ambalo siku nyingine lilitulia mpaka ukaona milima ya Kongo ng'ambo, liligeuka rangi ya udongo na kupanda mpaka kwenye vichanja vya kuanikia ndagala. Na ilikuwa saa ambayo wavuvi waliokesha majini walikuwa njiani kurudi.

Simu zilikufa zote. Mnara wa mlimani ulikosa umeme, rezo ya simu ikakatika, na watu wakabaki wanainua simu zao juu kama wanazionyesha mbinguni. Kwa hiyo walikuja kwetu. Sikuwahi kuona uani kwetu kumejaa namna ile. Wanawake wenye waume majini walisimama kando ya mapipa ya sabuni wamejifunika vitenge, mvua ikiwanyeshea, na hakuna aliyekubali kuingia ndani, kwa sababu ndani ndiko kulikokuwa na habari.

Mama alivaa koti la Papa, akakaa kwenye kiti chake, akawasha. Gitaza ilikuwa ya kwanza kujibu. Mwalimu Klodeti alisema mlima umeshuka barabarani, hakuna gari litakalopita kwenda wala kutoka Bujumbura, lakini baadhi ya mitumbwi ya Rumonge iliyokuwa ikivua upande wao imefika kwao, akataja wenye mitumbwi. Kisha Kabonga. Cherehani haikusikika nyuma yake. Bwana Ramadhani alitaja mitumbwi iliyosukumwa mpaka kwake, akataja watu, halafu akasema, “Boti ya mawese ya Rumonge iliondoka huku mbele ya upepo kuanza. Haijarudi.”

Hilo lilikuwa boti la Papa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikasikia kila neno. Mama alibonyeza kitufe.

“Nimesikia,” alisema. “Endelea.”

Na Bwana Ramadhani akaendelea na majina mengine.

Habari zikishapokelewa lazima zipelekwe, na mimi ndiye niliyekuwa miguu ya foni ile. Mama alinitamkia jina na habari, nikarudia mbele yake, nikatoka mbio. Wa kwanza alikuwa Mama Aline, ambaye hakuweza kuja uani kwetu kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Mume wake alikuwa salama Gitaza. Nilikimbia katika matope na habari ile kifuani, nikiwa na furaha ya mtoto aliyepewa zawadi ya kumpelekea mtu, nikasukuma mlango wake bila hodi wala amahoro, nikafungua kinywa: “Mama Aline, mume wako...”

Hakunisubiri nimalize. Alipiga yowe ambalo sijalisahau, akaketi chini na mtoto wake mikononi. Jirani wa kulia akasikia, naye akaanza. Wa kushoto akaanza. Kufumba na kufumbua mtaa mzima ulikuwa unalia msiba, na mimi katikati nikipaza sauti kwamba mtu yuko hai, yuko Gitaza, anakausha nguo, na hakuna aliyekuwa na sikio la kunisikia. Ilibidi mzee mmoja aje kunishika mabega na kuniuliza polepole nimetumwa kusema nini. Mama Aline alipoelewa, alinipiga mgongoni kwa kitenge kilicholowa, kisha akanikumbatia, kisha akanipiga tena.

Maana nyinyi mnajua, na mimi nilikuwa bado sijui. Kwetu, mtu anayeingia kwako bila kukusalimu amekuja na kifo. Mwenye habari ya kifo hawezi kukuuliza umeamkaje, atakuwa anakukejeli. Kwa hiyo anaingia kimya, au anaanza na jina la mtu wako, na wewe unaelewa kabla hajafika mwisho wa sentensi. Mimi nilikuwa nimelelewa kando ya chuma kisichosalimu, nikadhani huo ndio ustaarabu wa habari muhimu.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mama alinisikiliza huku sikio moja likiwa kwenye foni, akanivuta karibu, akanifuta matope usoni kwa mkono wa lile koti.

“Riziki,” aliniambia, “ku foni tunaacha salamu juu ya batri. Ku mulango ya mutu, salamu njo habari yenyewe. Piga hodi. Sema amahoro. Uliza watoto. Mupaka umalize, mama wa watu atakuwa amesha pona.”

Nikatoka tena. Na hapo, wapenzi wasomaji, nilianza kazi niliyoifanya vizuri kuliko kazi yoyote tangu nizaliwe. Nilibisha hodi. Nilisimama mlangoni nimelowa, meno yakigongana, nikasema amahoro. Nikauliza umelalaje, nikauliza watoto, nikauliza mzee mguu wake unaendeleaje. Wanawake waliokuwa wamekauka kwa hofu walinitazama mdomo, na nilipofika kwenye neno la kwanza la salamu niliona mabega yao yakishuka. Wakanijibu. Wakanijibu polepole, salamu kwa salamu, wengine machozi yakiwatiririka, bila kunikatiza hata kidogo, na habari yenyewe nilipoitoa mwishoni waliipokea kama kitu walichokwisha kula. Bibi mmoja aliniomba nirudi nje niingie tena, nianze upya. Nilitoka, nikaingia, nikaanza upya.

Lakini kila niliporudi nyumbani nilimkuta Mama mgongo ukiwa umenielekea, na hakuna habari ya kwetu. Mshale wa betri ulikuwa unashuka, maana bamba la jua la kuchajia, juu ya bati la nyumba, halikuona jua siku ile. Kinyozi wa njia ya sokoni alileta betri ya saluni yake kichwani, nayo Mama akaifunga ile ya kwanza ilipozimika. Akasema hii ndiyo ya mwisho, na watu wa uani wakapunguza hata kukohoa. Kabonga iliita, Mama akapokea, akasema endelea. Gitaza ikaita, akasema endelea. Niliona Kabonga inamaliza kusema, niliona kuna nafasi pale, nafasi ya maneno mawili tu, na Mama haitumii.

“Mama, uliza Papa,” nilimwambia.

“Zamu yetu iko mwisho.”

“Lakini Kabonga iko pale, iko anasikiliza.”

“Riziki. Zamu yetu iko mwisho.”

Nilikwenda kukaa juu ya gunia la magadi nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mama yangu. Nilimtazama shingo yake, kitambaa chake cha kichwa kilichofungwa barabara kama anakwenda kanisani, na nikajiambia kwamba shangazi wa Gatete alisema kweli, chuma kile kimemharibu. Alikuwa na redio ya kuuliza jambo lolote ziwani, na alikuwa anauliza habari za waume wa watu.

Mchana alifika kijana wa Gatete kwa baiskeli, akisema ameona mtumbwi umepinduka, watu wameushikilia, na maji yanausukuma. Kufikia hapo upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kutoka kusini. Mama aliuliza mtumbwi ulikuwa upande gani wa mdomo wa mto, akauliza rangi yake, akaita Gitaza, akamweleza mwalimu Klodeti kwa maneno machache mno hata mimi niliyekuwa na hasira nilisikiliza. Kule Gitaza wavuvi walishusha boti lenye injini kubwa kwenye mawimbi yale na kwenda kuwatafuta. Tulingoja. Sauti ya mwalimu Klodeti iliporudi ilisema, kwa ile imla yake, kwamba wote wametolewa majini na wote wanapumua, nukta. Alisema kweli “nukta”. Wanaume uani walicheka na kulia kwa pamoja, na mimi hasira yangu ikachanganyika na kitu kingine, kwa sababu yule aliyefanya hivyo alikuwa mama yangu, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hata viatu hana.

Wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja kadiri nilivyowasalimu. Mwisho walibaki mama wa vijana wale wawili waliokuwa na Papa, wamekaa bega kwa bega juu ya pipa lililoinamishwa. Hawakuuliza kitu. Walijua kwamba wa Mama yuko katika boti hilohilo, na nadhani ndiyo maana hawakuweza kumlaumu. Mvua ilikuwa imepungua. Mshale wa betri ya kinyozi ulikuwa umelala karibu kabisa na mwanzo, na Mama alikuwa ameacha kuita, anangoja kuitwa tu, kwa sababu kusikiliza kunakula kidogo kuliko kusema.

Kabonga ikaita.

“Rumonge, Rumonge, huku Kabonga.”

“Kabonga, huku Rumonge. Sema.”

Ikapita ile shiii ndefu. Kisha Bwana Ramadhani akafanya jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya hewani, wala yeye wala mwingine.

“Amahoro, mama,” alisema.

Niliuona mgongo wake ukinyooka, na mkono wake wa kushoto ukashika ukingo wa meza. Wale mama wawili wa uani walikuwa wamesimama. Wao nao walikuwa wamesikia, na walikuwa watu wa kwetu, hawakuhitaji kufafanuliwa.

“Amahoro meza, Kabonga,” alisema Mama.

“Nyumba iko namna gani?”

“Nyumba iko muzuri.”

“Na batoto?”

“Batoto beko.”

“Na kazi ya sabuni?”

“Mabati iliruka, Kabonga, lakini sabuni ingali.”

“Poleni na mvua.”

“Murakoze. Na nyinyi poleni.”

Betri ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu. Mwanamke aliyemnyang'anya shangazi mikro kwa ajili ya mbuzi mmoja alikuwa ameketi pale anasalimiana mpaka mwisho, hakuruka hata swali moja, anaachia kitufe na kungoja na kubonyeza tena kama mtu mwenye betri kumi. Na mimi juu ya gunia la magadi nilianza kulia, kwa sababu sasa nilikuwa naijua salamu.

“Iko mutu hapa,” alisema Bwana Ramadhani baada ya kumaliza yote, “amelowa mpaka ku mifupa, iko anaomba chai. Iko na batoto wawili ya Rumonge, bazima. Injini ilikufa, bakaingia ndani ya matete, bakatembea kwa miguu. Nimupe chai?”

“Mupe,” alisema Mama. “Sukari kidogo.”

Hapo betri ikazimika. Vigelegele vya uani vilisikika mpaka sokoni, na hata kinyozi, ambaye saluni yake isingefanya kazi siku mbili kwa ajili yetu, alicheza na wale mama wawili kwenye tope. Mama aliifuta mikro kwa upindo wa kitenge, akaitundika kwenye msumari wake, akanigeukia. Halafu akaniambia niende kwa baba za vijana wale, maana walikuwa pwani wanatafuta, na nisisahau kuwasalimu.

Papa alirudi siku chache baadaye, barabara ya kusini ilipopitika, akiwa na mafua na shati la Bwana Ramadhani lililomfikia kitovuni. Alisimulia hadithi yake kwa mwezi mzima na kila wiki mawimbi yaliongezeka urefu. Lakini mtaani hadithi haikuwa yake. Watu walimsimamisha Mama njiani, safari ya sokoni ikawa ndefu maradufu, na shangazi wa Gatete alisimama kanisani, palepale alipotutangaza, akaomba wimbo wa shukrani kwa ajili yake. Mimi niliimba kwa nguvu mpaka mwenye kwaya akageuka.

Tangu siku ile nimesimulia habari za mama yangu kila nilipokwenda. Nimezisimulia bwenini, nimezisimulia chuoni Bujumbura, nilizisimulia kwa wakwe siku ya mahari. Sikuzote nilizisimulia namna moja: mume wake yuko majini, na yeye anapokea majina ya watu asubuhi mpaka jioni, hamuulizii wake, hatikisiki. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Sababu yake niliielewa nilipokua. Vituo vyote vilisikiliza njia ileile, na kando ya kila foni walisimama watu wenye wapenzi wao majini. Kama mwenye mikro angeuliza wake kwanza, kila mtu angetaka kuuliza wake, na yule wa mtumbwi uliopinduka asingepata pa kupitishia neno. Nilielewa, na niliona fahari. Lakini ndani kabisa kulibaki kipande kidogo cha yule mtoto wa juu ya gunia, aliyejiuliza moyo wa mama huyu umetengenezwa kwa nini.

Mwaka jana nilikwenda Rumonge kumwona. Foni bado ipo, ingawa sasa vijana wa kujitolea wana redio ndogo za mkononi, na Mama anawafundisha uani, anawakatiza salamu zao kama kawaida. Jioni tulikuwa wawili tunakata sabuni, yeye anashika waya upande huu, mimi upande ule. Nilimuuliza kwa mzaha, aliwezaje siku ile kutomuulizia Papa hata mara moja.

Hakuinua macho kutoka kwenye sabuni.

“Nani alikuambia sikumuuliza?” alisema. “Nilimuuliza siku muzima. Kila wakati Kabonga ilikuwa inamaliza, nilikuwa naweka mikro ku mudomo, nasema polepole, Yohana iko wapi? Bwana yangu iko wapi? Ila sikubonyeza.”

Akavuta waya upande wake, nami nikavuta wangu, kipande kikakatika, akakiweka juu ya vingine. Aliniambia nisimame sawa, sabuni inakwenda upande. Nilikuwa siioni vizuri.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijivunia mama asiyeogopa, na nilimtangaza mpaka kwa wakwe. Sasa namjivunia zaidi huyu niliyekaa siku nzima nyuma ya mgongo wake, akiuliza na kuuliza, nisimsikie.